Mama Nukta na Kipindi cha Kiwanda cha Viatu

Kila mwezi unapokaribia kwisha, vituo vya televisheni hutuletea bahasha. Ndani ya bahasha mna flashi, na ndani ya flashi mna vipindi vya kweli: vya wanyama, vya historia, vya magonjwa, vya namna vitu vinavyotengenezwa. Bahasha zote huishia kwenye meza moja ya chumba chetu cha habari, ile iliyo karibu na dirisha lisilofungika vizuri. Meza hiyo ni ya Mama Nukta.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa msahihishaji wa gazeti letu kwa miaka ishirini na sita, na hakuna sentensi iliyowahi kutoka mikononi mwake ikiwa imeachwa inaning'inia. Macho yalipoanza kumsumbua kwa herufi ndogo, Mhariri hakumstaafisha. Alimpa ukurasa: "Vya Kweli vya Kutazama Mwezi Huu". Vipindi vinane, maneno arobaini kila kimoja. Mwingine angeona amepewa pipi ya kumnyamazisha. Yeye aliupokea kana kwamba amekabidhiwa wizara.

Mimi ni mpanga kurasa. Kazi yangu ni kuhakikisha maneno yanaenea, picha haikati watu vichwa, na tangazo la magodoro halikai juu ya habari ya msiba. Nimefanya naye kazi miaka sita, na katika miaka hiyo sijawahi kumshinda kwa jambo lolote, kuanzia ukubwa wa herufi hadi nani amiminiwe chai kwanza. Mimi humwita Mama. Yeye huniita "wewe".

Niwaeleze anavyofanya kazi, maana bila hilo habari hii haina miguu. Waandishi wengi wa kurasa kama hizi hawatazami chochote. Kituo huleta karatasi yenye muhtasari, mwandishi hugeuza maneno mawili matatu, huweka jina lake, huyo nyumbani. Nawafahamu, tumesoma pamoja, na sina heshima nao. Mama Nukta hutazama kila kipindi mara mbili, tangu mwanzo hadi majina ya madereva yanapopita. Mara ya kwanza huzima sauti kabisa. Hukaa na daftari na kuandika anachokiona, basi. Mara ya pili hugeuza kiti, akaipa televisheni kisogo, akasikiliza huku mikono yake ikifuma kitambaa, na kuandika anachokisikia, basi. Kisha huweka kurasa mbili za daftari ubavu kwa ubavu.

"Picha ina ulimi wake na sauti ina ulimi wake," aliniambia siku nilipomuuliza. "Ukiwasikiliza wote kwa wakati mmoja, mwenye domo kubwa atamfunika mwenzake."

Hayo yote huyafanyia ofisini, kwa sababu nyumbani kwake televisheni ni ya mumewe, na mumewe ni wa mpira. Tulimcheka sana mwanzoni. Tulikoma siku alipokipigia simu kituo kimoja kuwauliza kuhusu pweza wao. Sauti ilidai kwamba tunamfuata pweza mmoja kwa wiki tatu. Mama Nukta, akiwa amezima sauti, alihesabu pweza watatu: wa kwanza alikuwa na mkono uliokatika ncha, wa pili alikuwa na mikono yote, wa tatu alikuwa mdogo kuliko wote wawili. Watu wa kituo walibishana naye kwa nusu saa, mwishowe wakakiri kwamba pweza wa kwanza aliwatoroka siku ya nne.

Kwa njia hiyo nimejua mambo ambayo hakuna aliyenituma kuyajua. Pweza ana mioyo mitatu. Shingo ya twiga, pamoja na urefu wake wote, ina mifupa saba, sawasawa na yangu. Jioni ile nilisimama mbele ya kioo nikijipapasa shingo, na mke wangu akaniuliza kama nimelala vibaya. Ndivyo Mama Nukta anavyokuambukiza. Ukikaa naye, unaanza kutaka kujua vitu.

Mwezi ninaousimulia ulikuja na bahasha nane, na nyingine zilikuwa za kupendeza. Kulikuwa na kipindi cha nyuki, cha watu wanaotengeneza lifti, cha chumvi, cha daktari anayezunguka visiwani kung'oa meno. Mama Nukta alizipanga kama karata. Alipofika bahasha ya saba, akasoma maandishi ya juu, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akaisukuma kuelekea kwangu.

"Hiki kitazame wewe," akasema.

Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kunipa hata bahasha tupu. Nikaisoma. Ulikuwa mfululizo wa vipindi kuhusu viwanda vilivyofungwa, na sehemu hii ilihusu kiwanda cha viatu. Nikamuuliza kuna nini humo. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaivua tena.

Kaka yake mkubwa alikuwa mkata ngozi katika kiwanda hicho. Mshahara wake wa kukata ngozi ndio uliomsomesha Mama Nukta mpaka akaijua kalamu. Mashine ya kukatia ngozi hushuka na kupanda kama taya, na mbele yake huwekwa kinga, yaani wavu wa chuma unaozuia mkono usiingie taya linaposhuka. Mchana mmoja taya lilishuka mkono wake wa kushoto ukiwa ndani. Vidole vinne vikaenda, likabaki gumba. Kiwanda kikasema aliiondoa kinga mwenyewe ili amalize kazi upesi, kikamfukuza akiwa bado kitandani hospitali. Yeye akasema hakuigusa. Akasema kinga zote zilikuwa zimetolewa kwa amri, miezi mingi kabla. Wenzake waliokuwa zamu moja naye hawakuona wala hawakusikia, maana nao walikuwa na ajira za kulinda na watoto wa kulisha. Miaka miwili baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa, na wao wakaikosa hiyo ajira waliyoilinda.

"Watu wakasema lisemwalo lipo," akaniambia. "Mpaka leo watoto wake wanajua baba yao alijikata kwa pupa zake."

"Na wewe Mama, ulimwamini nani?"

"Mimi nilisoma gazeti," akasema, akainyakua ile bahasha kutoka mkononi mwangu. "Lete. Nikikuachia wewe utakitazama huku ukila."

Alikitazama Jumatatu asubuhi, sauti ikiwa imezimwa kama kawaida yake. Mimi nilijifanya nina kazi kwenye meza ya jirani. Sikuwa nayo. Nilitaka kuona.

Dakika kama kumi na tatu zilipita za majengo yenye nyasi madirishani na wazee waliosimama getini wakionyesha kwa vidole. Kisha zikaja picha za zamani, zenye rangi iliyopauka, zilizotoka kwenye filamu ambayo kiwanda kilijitengenezea chenyewe kujitangaza siku za neema yake. Mashine zilionekana zimepangwa safu moja, wafanyakazi wamevaa aproni safi, msimamizi anapita katikati na karatasi zake. Mama Nukta aliandika mstari mmoja, akasimamisha kipindi, akarudisha nyuma. Akatazama tena. Akarudisha tena. Nikachoka kujifanya, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake.

Kwenye daftari alikuwa ameandika: "Mashine nane. Hakuna hata moja yenye kinga."

"Tazama hapa," akasema, akigusa kioo kwa kalamu, jambo ambalo angekukemea wewe ukilifanya. "Haya matundu pembeni ni ya kufungia kinga. Yamepakwa rangi. Mashine yote imepakwa rangi ya kijani, na matundu yamezibwa na rangi hiyohiyo. Kinga haikutoka jana wala juzi. Na kule ukutani unaona nini?"

Ukutani palikuwa na nyavu za chuma, zimeegemezwa moja juu ya nyingine kama viti vilivyovunjika. Nilizihesabu. Zilikuwa nane.

Kisha akasogeza mbele kidogo na kusimamisha kwenye mashine ya tatu. Kijana mwembamba alikuwa akisukuma ngozi kwa mkono wa kushoto, na chaki nyuma ya sikio. Mkono uliingia kinywani mwa mashine na kutoka, ukaingia na kutoka.

"Huyo ni kaka," Mama Nukta akasema. "Ana vidole vyote."

Filamu ilipigwa kabla ya ajali, hilo halikuhitaji shahidi, na aliyeipiga alikuwa kiwanda chenyewe. Ushahidi wa yule mtu kumbe ulikuwa umekaa kabatini muda wote, ukingoja mtu autazame.

Akageuza kiti, akachukua kitambaa chake cha kufuma, akaniambia niwashe sauti na nianze upya. Nilitaka kumwambia tuache. Zilipofika zile picha za zamani, msimulizi, mwenye sauti nzito ya mtu aliyeshiba, alisema: "Kiwanda kilisifika kwa usalama, hadi siku mfanyakazi mmoja alipoiondoa kinga ya mashine yake kwa pupa ya kumaliza kazi." Maneno hayo yalipita juu ya mashine nane zisizo na kinga, juu ya kaka mtu mwenyewe na vidole vyake kumi, wala hakuna aliyeshtuka. Waliounganisha kipindi walitaka tu picha za mashine, wakapata picha za mashine.

Mama Nukta hakuandika kitu. Mikono ilikuwa imesimama, sindano moja imeingia uzini nusu.

Tukampigia mtayarishaji wa kipindi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na akaniharibia, kwa sababu alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, sisi hatukubuni," akasema. Simu ilikuwa imewekwa sauti, nilisikia kila neno. "Tulifuata maandishi. Nina gazeti hapa mbele yangu. Ni gazeti lenu."

Akataja tarehe na ukurasa wa tano.

"Picha zako mwenyewe zinakataa," Mama Nukta akamwambia. "Zitazame bila sauti."

Tulisikia akibonyeza vitu. Baada ya muda akasema, taratibu, "Ni kweli. Sikuziona." Kisha akasema, "Lakini mama, nielewe. Nikibadilisha maneno kwa sababu dada wa mtu amenipigia simu, wakubwa wangu watanimaliza. Gazeti lenu liliandika na halijawahi kujisahihisha. Nyinyi sahihisheni, na mimi nitarudia sauti. Kinarushwa tarehe ishirini na moja. Muda upo."

Alikuwa na haki, na hilo lilinikera zaidi. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa tumekaa hapo tukiwakagulia watu pweza wao.

Kumbukumbu zetu ziko chumba cha chini, chini ya uangalizi wa mzee mmoja ambaye hajawahi kutupa hata kifuniko cha kalamu. Tulimpa tarehe. Alituletea gazeti lililojalidiwa, kisha, bila kuombwa, akaleta na boksi la nakala za kusahihishia za wiki ile, kwa sababu, alisema, kitu huwa na mama yake. Mama Nukta alilifungua gazeti kwanza. Habari ilikuwa fupi, aya moja chini ya tangazo la sabuni. Haikutaja jina la mtu. Alisoma akitikisa kichwa. Halafu akachukua boksi.

Nakala ya ukurasa wa tano ilikuwa imekuwa njano. Aya ilikuwa ileile, ila kwa tofauti moja. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba inadaiwa ajali ilitokea saa nane mchana, inadaiwa mashine ilikuwa nzima, na inadaiwa mfanyakazi aliiondoa kinga mwenyewe. Neno "inadaiwa" la tatu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, mstari mmoja ulionyooka. Pembeni palikuwa na herufi mbili za saini ninazozijua kama ninavyoijua saini yangu, kwa sababu huziona kila mwezi.

Mzee wa kumbukumbu alitutazama mmoja mmoja, akakumbuka ana kazi upande mwingine.

"Nilikuwa zamu ya jioni," Mama Nukta akasema. "Sikujua ni yeye. Nilijua nilipofika nyumbani. Asubuhi nikaenda hospitali na gazeti mkononi, nikamuuliza, kaka, kwa nini uliitoa? Akasema sikuitoa. Nikamwambia, lakini imeandikwa."

Nilivuta boksi jingine, nikakaa juu yake.

"Mara tatu kwenye aya moja," akaendelea, akiwa bado ameinama juu ya ile karatasi. "Nikaona linachosha. Nikatoa la mwisho. Sentensi ilisimama vizuri zaidi bila lile neno. Nakumbuka nilifurahi."

Mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya kosa hilo. Mwongo angeongeza kitu. Mama Nukta alipunguza, kwa nia ya usafi, halafu kesho yake akausoma usafi wake mwenyewe na kuuamini.

Mhariri alipoelezwa alikuna kidevu. Akakumbusha kanuni kwamba hatuandiki habari za ndugu zetu. Akashauri kipindi cha saba kitolewe ukurasani, kiwekwe kingine, cha popo labda, watu wanapenda popo.

"Habari ya ndugu yangu nilishaiandika, miaka kumi na tisa iliyopita," Mama Nukta akamjibu, "na hakuna aliyenizuia."

Mhariri ana kasoro nyingi, na siku moja nitaziorodhesha, lakini anajua wakati wa kunyamaza. Akasema ukurasa ufungwe Ijumaa saa sita mchana.

Tulikwenda kwa kaka yake siku ya Jumatano. Mimi nilibeba kompyuta ndani ya mkoba ili aonyeshwe zile picha. Ni fundi viatu. Ana kibanda kwenye ujia mwembamba kati ya duka la dawa na mahali pa kutoa fotokopi, na ukiingia inabidi uchague pa kuweka miguu, kwa kuwa viatu vimekaa kila mahali vikisubiri zamu. Alikuwa amebana kiatu kwa magoti. Gumba la kushoto lilikuwa limeingia ndani ya kiatu kama kulabu, na mkono wa kulia ulikuwa ukipitisha sindano.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo umekuja na askari?"

"Huyu ndiye anayenipangia ukurasa."

Kwa kuwa mimi humwita Mama, kaka yake akawa mjomba wangu bila kuulizwa. Nikamwamkia hivyo. Akaitikia, akaangalia miguu yangu kabla ya uso.

"Kiatu chako cha kulia kinalika upande wa nje, mwanangu. Unaelemea upande. Begi unabeba bega gani?"

Nikamwambia la kulia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepata jibu la fumbo, na nikaelewa kwamba hawa wawili wamezaliwa tumbo moja.

Mama Nukta alikaa kwenye stuli ya wateja. Hakuzunguka mbuyu. Akamwambia kuna kipindi kinakuja kwenye televisheni kuhusu kiwanda. Akamwambia ameziona mashine, zote nane, hazina kinga, na matundu yamepakwa rangi, na kinga ziko ukutani. "Na wewe nimekuona, kaka. Mashine ya tatu."

Fundi aliendelea kushona. Mimi nikafungua mkoba.

"Funga tu, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Nikafunga. Alishona mishono miwili mitatu, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Kwa hiyo sasa unaniamini," akamwambia dada yake.

"Ndiyo."

"Kwa sababu umeona kwenye televisheni."

Nje mtu alikuwa akibishana na mwenye fotokopi kuhusu karatasi iliyotoka na weusi pembeni. Tulisikiliza ubishi wote ule. Nilitamani niwe mahali pengine, na wakati huohuo nisingeondoka hata kwa kuvutwa.

"Kuna jingine," Mama Nukta akasema. Na akamweleza: zamu ya jioni, aya moja, neno lililorudiwa mara tatu, mstari mwekundu. Hakujitetea. Hakusema sikujua ni wewe. Hilo nilitaka kulisema mimi, nikaumeza ulimi.

Fundi aliweka kiatu chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama kwa makini, na nilichokiona usoni mwake, naapa, hakikuwa hasira. Alikuwa anataka kujua.

"Kwa nini ulilikata?"

"Lilikuwa linachosha."

"Linachosha," akarudia, polepole.

"Nisamehe, kaka."

"Kukusamehe nilishakusamehe zamani. Ulikuwa unakuja kila Jumapili na huniamini. Mtu asiyekuamini na bado anakuja, utamfanya nini?" Akakiokota kiatu, akakipiga vumbi. "Lakini wanangu hawakusoma kwenye nakala zenu. Walisoma gazeti, wakasikia kwenu, wakasikia kwa majirani. Mkubwa akinikuta na kisu huniambia, baba, taratibu, usije ukafanya kama kiwandani. Ananiambia kwa upendo. Hilo ndilo nataka liishe. Hicho kipindi kikitoka kilivyo, halitaisha mpaka mnizike."

"Nitaandika."

"Andika kama ulivyoniambia sasa hivi. Usiipambe."

Akaandika. Alikaa siku nzima ya Alhamisi juu ya maneno machache, yeye anayemaliza nyuki na lifti kabla ya chai. Maneno arobaini hayakutosha, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniomba nafasi badala ya kuniamuru. Nikaitoa picha ya nyuki, picha nzuri sana, niliyokuwa nimeisafisha kwa saa nzima. Sikunung'unika. Naomba hilo liandikwe mahali.

Niruke mbele kidogo niseme: mtayarishaji alitimiza ahadi. Tarehe ishirini na moja kipindi kilirushwa kikiwa na sauti mpya, na zile mashine nane zilipotokea msimulizi alizitaja kinga kuwa hazikuwepo. Mengine yaliyosemwa humo kuhusu viatu yalikuwa ya kuvutia pia. Lakini jambo ninalolikumbuka zaidi lilitokea kabla, Ijumaa ile asubuhi, saa mbili zikiwa zimebaki ukurasa ufungwe.

Mama Nukta alinipa nakala ya ukurasa. "Mpelekee kaka aisome," akasema. "Mwenye jambo aisome kabla ya watu." Katika gazeti letu hatufanyi hivyo. Msomaji husoma pamoja na wasomaji wenzake, na asiyependa huandika barua. Nilimkumbusha. Akaniambia, "Wewe, nenda."

Nikaenda. Fundi alifuta mkono kwenye aproni, akaipokea karatasi, akaishika kwenye mwanga wa mlangoni. Alisoma kipengele cha saba, na kidole kikitembea chini ya maneno.

"Kiwanda cha viatu, tarehe 21, saa tatu usiku. Kitazameni dakika ya kumi na nne: mashine nane, hakuna yenye kinga. Gazeti hili liliwahi kuandika kwamba mfanyakazi mmoja aliiondoa kinga yake na kuumia. Si kweli. Hakukuwa na kinga ya kuondoa. Mwandishi wa habari ile alisema inadaiwa. Msahihishaji alilikata neno hilo. Msahihishaji huyo ndiye mwandishi wa ukurasa huu. Aliyeumia ni kaka yake, na kwa miaka kumi na tisa hakumwamini."

Alimaliza, akaanza tena juu. Alipofika mwisho mara ya pili, aliniomba kalamu.

"Kuna kosa hapa," akasema.

Nilidhani ataukata ule mstari wa mwisho, na kwa kweli nilitaka aukate, kwa ajili ya Mama. Akaiweka karatasi juu ya soli ya kiatu, akaishikilia kwa gumba, akaandika pembeni kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara nyingi. Kisha akanirudishia.

"Mwambie ni kumi na tisa na miezi minne," akasema, akachukua kiatu kingine.

Nikarudi ofisini, nikapunguza kichwa cha ukurasa ili ile miezi minne ienee.